Marehemu Aliyehamia Kwenye Laptopu Ndogo

Juzi kijana mmoja wa mtaani kwetu, hapa Mikindani, alinijia na laptopu kwapani, mpya, nene kama tofali la kuchoma. Akasema, "Bibi Somoe, mashine hii haifai. Nikifungua kompyuta pepe, kila kitu kinakuwa kizito."

Nikamuuliza ina kumbukumbu kiasi gani. Alipotaja nilitaka kucheka, ila meno yangu ya mbele yamepungua na sipendi kuwaonyesha watoto. Nikaifungua. Humo ndani nilikuta muziki unalia, kurasa za intaneti zimejazana, picha ya mchezaji mpira inajichezea yenyewe nyuma ya yote, na katikati ya ngoma hiyo kompyuta pepe imejikunyata kama mtu aliyeingia harusi asiyoalikwa.

"Mashine haina kosa," nikamwambia. "Wewe umefungua gulio."

Akanuna. Vijana wa siku hizi mnanuna upesi sana. Basi nakaa kuwaandikia, si kwa sababu mtasikia, bali kwa sababu nimechoka kusema jambo moja kwa kila anayekuja kununa mlangoni pangu.

Kwa asiyejua, kompyuta pepe ni kompyuta isiyo na mwili. Ni programu inayojifanya kompyuta nzima, yenye diski yake na skrini yake, ikiishi ndani ya kompyuta ya kweli. Chukueni nyumba zetu za kawaida: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani choo kimoja na pipa moja la maji. Mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele, vingine kapangisha. Kila mpangaji ana ufunguo wake, kitanda chake na ugomvi wake, lakini maji wote wanachota pipa lile lile. Mpangaji mmoja akiyamaliza, wa kwanza kuzimia kwa kiu ni mwenye nyumba, na mwenye nyumba akizimia nyumba nzima inafungwa. Pipa hilo ndilo kumbukumbu ya mashine. Kazi yangu ya miaka mingi ilikuwa kugawa maji ya pipa dogo. Nyinyi mmepewa ziwa na bado mnakufa kiu.

Mimi sikusoma. Wazazi wetu walifuatana kaburini nikiwa mtoto wa shule ya msingi, na mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa. Mama alipokuwa anaondoka hakunipa wosia mrefu. Alisema, "Somoe, wenzio wasitawanyike." Basi. Niliacha daftari nikaenda kufagia ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari ya Mtwara. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nikafagia mpaka nikajifunza kupiga taipu, na taipu zilipotupwa stoo nikawekwa mbele ya kompyuta, kwa sababu wenye elimu ofisini pale waliogopa kuigusa wasije wakaiharibu.

Ufundi wenyewe nilifundishwa na Fundi Saidi, mzee aliyetengeneza redio hapa Mikindani. Mdomo wake ulikuwa mchungu kuliko wangu, na huo ni ushahidi kwamba mambo mazuri hurithiwa. Mteja akimwambia redio yake ina kisirani, yeye hujibu bila kuinua kichwa, "Redio haina kisirani. Labda imerithi cha nyumbani." Alinifundisha neno moja ambalo sijalikuta kwenye kozi yenu yoyote: kabla hujaiongezea mashine kitu, kwanza ipunguzie. Mkija kwangu mnauliza niongeze nini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza apunguze nini.

Laptopu yangu niliuziwa na mpimaji wa meli aliyeona ni mchezo wa watoto. Miaka ya elfu mbili ilikuwa imekwenda kidogo, na vilaptopu vile vyepesi ndio kwanza vilikuwa vinaanza kuonekana. Kilikuwa na upana wa kitabu cha hadithi, prosesa ya unyonge, feni yake ikipumua kama paka aliyelala. Umeme kilikula kama taa moja ya chumbani. Watu walikipa majina. Mzee Dadi, msimamizi wa ghala la korosho nilikokuwa nimehamia kazi, alikiita kikokotoo chenye kifuniko.

Mimi nilikipendea udogo wake. Nilikuwa na mashine moja tu ya kujifunzia, na mtu mwenye mashine moja hathubutu kuivuruga. Kwa hiyo nilipanga ndani yake kompyuta pepe, nikawa navuruga hiyo. Kabla ya kugusa kitu nahifadhi hali yake, kama mtu anayepigwa picha kabla ya kwenda jando. Nikiiua, naurudisha uhai wa jana. Nyinyi mnajaribu mambo kwenye mashine ya mwajiri halafu mnasema ni virusi.

Siku moja Mzee Dadi aliniomba nimwonyeshe maajabu hayo. Nikampisha kiti. Alipofika mahali pa kuchagua mpangaji apewe kumbukumbu kiasi gani, alisukuma kishale mpaka mwisho wa mstari.

"Mbona umempa yote, mzee?"

"Mgeni hanyimwi," akasema kwa fahari. "Sisi watu wa pwani."

Laptopu ikaganda. Kishale kikakwama, feni ikalia, Mzee Dadi akajiegemeza nyuma kama aliyemuudhi mtu mkubwa. Ukarimu wa namna hiyo uwekeni kwenye sahani ya pilau. Kwenye mashine, mwenyeji hula kwanza na kushiba, ndipo mgeni aletewe.

Sasa niwaambie habari ya msiba, ndipo mtaelewa kwa nini sina huruma na malalamiko yenu.

Ghala letu lilikuwa na kompyuta moja ya kuandikia stakabadhi za korosho. Ilikuwa ya zamani, ile programu yake ni ya skrini nyeusi na herufi za kijani. Mkulima analeta magunia, makuli wanapandisha mizani, mimi naandika uzito na daraja, karatasi inatoka, magunia yanaingia ndani. Bila karatasi hiyo gunia halivuki mlango. Za kuandika kwa mkono zilikuwa zimekatazwa kwa sababu watu walikwishazifanyia ujanja. Na programu ile haikuweza kuwekwa kwenye kompyuta nyingine, maana diski zake za kuiwekea zililiwa na mchwa kabatini. Niliwaambia wakubwa msimu baada ya msimu kwamba kompyuta ile inaumwa. Walinijibu kwamba mbona inawaka. Hiyo ndiyo akili ya wakubwa: mgonjwa akifumbua macho, kapona.

Ikafa asubuhi, msimu ukiwa umekolea. Ilitoa moshi kidogo, harufu kama unyoya wa kuku ulioungua, kimya. Nje foleni ilikuwa imefika barabarani, na juu ya foleni wingu jeusi, maana mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kunusanusa. Korosho ikilowa inashuka daraja, na mkulima anashuka nayo.

Katika foleni ile alikuwemo Mfaume, mdogo wangu anayenifuata. Alikuwa ametoka Kitaya, kando ya mto Ruvuma, na mavuno ya kwanza ya mikorosho ya baba. Mikorosho hiyo iliachwa porini tangu baba afe, na Mfaume ndiye aliyeingia na panga, akafyeka, akapogoa, akapulizia dawa, wakati vijana wenzake wakimcheka. Alikuja dirishani kwangu kabla sijafanya lolote, akaangalia wingu, akasema taratibu:

"Dada, nakwambia mapema. Hizi zikilowa, mimi panga natupa. Navuka mto. Wenzangu wako Msumbiji wanachuma, mimi nazeeka na miti ya marehemu."

"Utavuka uende kwa nani?"

"Kwa mtu asiyenijua."

Niliijua sauti ile. Mfaume hatishii, anatoa taarifa. Wosia wa mama ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa umesimama kwenye foleni na magunia chini ya turubai.

Nikafikiri haraka. Kilichoungua ni mwili. Diski, yenye programu na kumbukumbu za kila mkulima, huenda ilikuwa nzima. Nikiitoa, nikaiunganisha na laptopu yangu kwa waya, nikanakili kila kilichomo kiwe faili moja, basi kompyuta ile ingeweza kuamka ndani ya laptopu kama mpangaji. Nikageuka kuchukua bisibisi kabatini. Nilipogeuka tena, meza ilikuwa tupu.

Hapa lazima niwaeleze Komba. Alikuwa dereva wa lori la ghala, Mngoni wa Songea, na sisi Wamakonde na Wangoni ni watani. Msibani mtani ana haki zake: atamwigiza marehemu, atawacheka wafiwa, atalala kwenye kaburi akisema haondoki mpaka apewe kitu. Ukikasirika, aliyeaibika ni wewe. Komba alikuwa amesikia kwamba kompyuta imefariki, na kwake msiba ni msiba. Niliikuta sipiyu, lile sanduku lenye diski, uani, imelazwa juu ya mkeka, imefunikwa kanga yangu niliyoitundika mlangoni, na yeye amejilaza pembeni ameikumbatia, analia kwa sauti ya kike.

"Jamani kompyuta yetu," analia, "ulikuwa unawaka polepole kama akili ya Mmakonde. Nani sasa atatukatalia magunia?"

Foleni nzima ikavunjika kwa kicheko. Watu waliokuwa wanaihofia mvua walikuja kusimama kumzunguka. Bibi mmoja akaitikia kilio.

"Mtani," nikasema, "nipe maiti. Nina haraka."

"Haraka ya kwenda wapi na maiti? Mfiwa gani wewe, unakuja na bisibisi?"

"Komba."

"Marehemu haondoki hapa. Sisi tuliomlilia tunataka jogoo. Mwekundu. Na asiwe mwembamba kama wewe."

Mzee Dadi akatoka amefura, akaanza kumfokea, "Komba, acha upuuzi, hii mali ya ofisi." Kosa kubwa hilo. Mtani akifokewa ananogewa. Komba akavuta kanga akajifunika na yeye, akasema sasa maiti ni mbili na jogoo wawe wawili. Makuli wawili Wangoni nao wakajitupa juu ya mkeka. Ngurumo ikapiga upande wa bahari. Nilimwona Mfaume ng'ambo ya watu, hacheki, anakaza kamba za turubai lake.

Nyinyi mngeita polisi, au mngempiga picha. Mimi nilikwenda kwenye lori. Komba hakuwahi kuchomoa ufunguo, kwa uvivu. Nikauchomoa, nikaufunga kwenye upindo wa kanga niliyovaa, nikarudi nikakaa kando yake mkekani, miguu nimeinyoosha, nikaanza na mimi kulia.

"Jamani lori la Wangoni. Limekufa likiwa changa. Lilikuwa linakwenda vizuri mteremkoni."

Komba akatoa kichwa nje ya kanga. "Mtani, umelifanya nini gari langu?"

"Limefariki. Mimi ni mtani wako pia, au utani wenu Wangoni ni wa upande mmoja kama barabara yenu ya Songea? Litazikwa Mikindani. Nataka ng'ombe."

Bibi yule aliyeitikia kilio cha Komba akahamia kwenye msiba wangu bila kusita. Wengine wakamfuata, na baada ya muda mfupi maiti yangu ilikuwa inaliliwa kuliko yake. Komba alilala akiangalia mawingu, akipima. Kisha akainuka, akajifuta vumbi, akasema, "Tubadilishane maiti." Nikapewa sipiyu na kanga. Nilimwambia ufunguo atapewa, ila lori lisogee hadi barazani, maana nitalihitaji. Nilikuwa naujua umeme wa Mtwara.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mnapovurunda. Nilipokwisha kunakili diski ile sikukimbilia kuiwasha. Kwanza nilinakili ile nakala. Asiye na nakala ya nakala ni mcheza kamari. Kisha nikamsafisha mwenye nyumba: picha ya mapambo nje, muziki nje, intaneti nje, kila kinachojiwasha chenyewe nje, mpaka laptopu ikabaki kama chumba cha mjane. Ndipo nikampangia mzee wetu. Nilimpa kumbukumbu kidogo sana, ile ile aliyoizoea kwenye mwili wake wa zamani. Mzee aliyelelewa kwa uji ukimpa pilau unamwua. Diski yake niliipa ukubwa kamili tangu mwanzo, badala ya ile inayojinenepea kadiri inavyojazwa, maana hiyo ya pili humchosha prosesa mnyonge. Laptopu nikaiinua juu ya viberiti ipate kupumua kwa chini. Nikawasha.

Skrini nyeusi. Herufi za kijani. Ikauliza tarehe, kama ilivyokuwa ikiuliza kila asubuhi.

Komba, aliyekuwa amenichungulia begani, akarudi nyuma hatua nzima. "Huyu mmemfufua?"

"Amehama. Kalete mashine ya kuchapia."

Mashine ya kuchapia ya zamani ilitaka mdomo wa waya ambao laptopu ndogo haina. Basi nilimfundisha marehemu aandike stakabadhi zake kwenye faili, halafu mwenye nyumba ndiye anazichapa kwa mashine nyingine ya ofisini. Mpangaji anaandika barua, mwenye nyumba anaipeleka posta. Hakuna ugomvi.

Tukaanza kupima. Mzee Dadi akataka Mfaume apite mbele, kwa kuwa ni mdogo wangu na mimi ndiye mwenye mashine. Nikamwambia atapita zamu yake ikifika. Msinione shujaa. Ningempitisha mbele, foleni ile ingenila nyama, na Mfaume mwenyewe asingekubali. Alikaa nyuma kule, karibu na mkia.

Umeme ukakatika. Hapo wenye mashine kubwa za mezani hukunja mikono wakasubiri. Laptopu yangu haikupepesa hata jicho, ina betri yake, na ulaji wake ni wa kifaranga. Mashine ya kuchapia ilizima, ila Komba alikuwa na kigeuza umeme kwenye lori lake cha kuangalizia mpira safarini. Tukavuta waya kutoka betri ya lori mpaka barazani. Marehemu wake na marehemu wangu wakafanya kazi pamoja mchana kutwa, na yeye akawa anatangaza kwa kila mkulima, "Hapa mnahudumiwa na kuzimu."

Mvua ilikuja wakati Mfaume bado ana watu kadhaa mbele yake. Haikunyesha, ilimwagwa. Paa la baraza lilivuja papo hapo juu ya mizani na meza, maana wakubwa nalo waliambiwa, nalo walisema mbona limesimama. Nikalala kifudifudi juu ya laptopu. Nikasikia kitu kizito kikiburutwa, na kivuli kikatufunika. Lilikuwa turubai. Mfaume alikuwa amelivua kwenye magunia yake, akalishika ncha moja, na ncha nyingine akamtupia Komba.

"Andika, dada," akasema. "Ikilowa hiyo, hakuna atakayepima."

Nikaandika. Sikuinua kichwa, maana ningeinua ningeyaona magunia ya baba yakinyeshewa. Nilisoma mizani, nikaandika, nikachapa, na mikono ya Mfaume ilikuwa juu yangu imelishikilia turubai lililojaa maji. Waliokwisha kupimwa, ambao wangeweza kwenda zao, walianza kuyabeba magunia yake vichwani na kuyaweka chini ya lori la Komba. Yule bibi wa msibani aliwapanga kama nyapara. Zamu ya Mfaume ilipofika, magunia yaliyobaki mvuani yalikuwa machache. Hayo niliyaandika daraja la pili, mimi mwenyewe, kwa sababu yalikuwa daraja la pili.

Aliisoma stakabadhi yake, akaikunja akaitia mfukoni. Nilingoja aseme habari ya mto.

"Hii mashine yako," akasema, "mwakani itakuwepo?"

"Itakuwepo."

"Basi na turubai tununue la pili."

Alipanda lori la Komba, ambalo nililiachia kwa sharti la kumfikisha Kitaya, na njia nzima, nilivyosimuliwa, walitukanana makabila mpaka wakafika.

Niliitumia laptopu ile misimu mingi iliyofuata, mpaka feni yake ikachoka. Marehemu nikamhamishia nyingine, kisha nyingine, naye hakulalamika hata mara moja, kwa kuwa hakuzoeshwa anasa. Nimestaafu. Ghala sasa lina mashine kubwa zenye taa za rangi, na nasikia kila msimu zinakuwa nzito.

Mfaume yuko Kitaya. Mikorosho ya baba imezaa mingine. Kila mvua za kwanza Komba, ambaye naye ni mzee asiye na kazi, hunipigia simu na kuuliza swali moja, "Mtani, marehemu hajambo?" Nami huiwasha laptopu alimohamia, nikamsomea herufi za kijani zinavyouliza tarehe.

Hajambo. Anakula kidogo, anafanya kazi yake, hanuni. Kijana mwenye tofali, njoo Jumamosi, ila kwanza zima huo mpira.